Mpiga picha wa mtaani Nakuru, soma kwanza

Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru mwaka 1971, akakulia hapa, na mwaka 2005 akachapisha katika jarida la Granta insha fupi iliyosomwa dunia nzima, "How to Write About Africa". Watu huichukulia kuwa somo la waandishi tu. Lakini humo ndani, katika mashauri ya kejeli anayowapa wageni wanaotaka kutuandika, hakusahau picha: jalada la kitabu, anasema kwa kinyume cha anachokiamini, lisimwonyeshe Mwafrika anayeishi maisha yake kwa utulivu, kwa kuwa njaa na silaha ndizo ziuzazo. Mtoto huyu wa Nakuru alijua kwamba kalamu na kamera hukosea pamoja, na kwa sababu hiyo hiyo zinaweza kusahihishana. Hoja yangu inaanzia hapo. Vijana wengi wa Nakuru, Naivasha, Gilgil na Njoro siku hizi hutoka na simu au kamera kupiga picha za mtaani kwa kupenda tu, bila kulipwa na mtu. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Nasema pia kwamba kazi yao itaufaa mji huu endapo wataifanya kama wasomaji: waanze na vitabu vilivyoandikwa juu ya mitaa hii, waige subira yake, na kila picha waipe maneno.

Nakuru haina uhaba wa picha. Ina wingi wa picha za aina mbili. Aina ya kwanza ni ya ziwa: flamingo wa rangi ya waridi, mbuga iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, ziwa lililoingia mwaka 2011 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na Bogoria na Elementaita. Aina ya pili ni ya maafa: vita vya baada ya uchaguzi vilivyoufikia mji huu na Naivasha mwishoni mwa Januari 2008, bwawa lililopasuka Solai usiku wa tarehe 9 Mei 2018, mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 2024. Picha hizo zote zilistahili kupigwa, na baadhi zilipigwa na watu waliohatarisha maisha. Lakini kati ya ndege na maafa wapo watu 2,162,202, hiyo ikiwa hesabu ya wakazi wa kaunti katika sensa ya 2019. Wanaamka kabla ya jua kutoka nyuma ya Bahati, wanateremka kutoka Kaptembwo na Rhonda kwa miguu au kwa matatu, wanafungua vibanda. Mama mboga hupanga nyanya nne chini na moja juu, fungu baada ya fungu, kwa mkono uliokwisha kuzoea kiasi kwamba macho yako kwa mteja na si kwa nyanya. Tendo hilo hufanywa maelfu ya mara kila siku katika soko la Wakulima, na halimo kwenye kalenda yoyote.

Ukitaka kujua kwa nini pengo hilo lipo, tazama jinsi kamera ilivyoingia huku. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na aliyeifuata na kamera alikuwa William Young, mpiga picha wa reli hiyo tangu enzi za ujenzi wake. Katika picha za namna hiyo mji ni kituo: treni imesimama, mabati yanameta, na watu wako mbali, wadogo, wasio na majina. Mwaka 1938, kule Njoro, Lord Maurice Egerton alianza kujenga kasri lake la mawe, na mwaka uliofuata akaanzisha shule ya kilimo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Egerton alikuwa mpenzi mkubwa wa picha, hata ndani ya kasri akatenga chumba cha giza cha kusafishia filamu. Kwa hiyo kamera katika sehemu hii ya Bonde la Ufa ilikaa muda mrefu kwenye behewa na kwenye kasri. Baadaye studio za mjini ziliwapa watu wa kawaida picha zao wenyewe, za harusi, za ubatizo, za Idi, na jambo hilo lilikuwa kubwa. Lakini studio ilikuwa na pazia na kiti na maua ya plastiki; mtaa wenyewe ulibaki nje ya mlango.

Uliingia kwenye riwaya. M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa Dar es Salaam, alichapisha mwaka 2003 "The In-Between World of Vikram Lall", riwaya iliyoshinda tuzo ya Giller nchini Kanada. Inaanzia Nakuru mwaka 1953, katikati ya Hali ya Hatari, kwenye maduka ya Wahindi. Mtoto wa muuza duka, dada yake, rafiki yao Njoroge na watoto wawili wa Kizungu wanacheza pamoja nje ya maduka, huku watu wazima wakiogopana. Msomaji anaona jinsi baraza ya duka ilivyowakutanisha watu ambao sheria ilikuwa imewatenganisha katika karibu kila jambo jingine. Peter Kimani naye, katika "Dance of the Jakaranda" ya mwaka 2017, anaurudia mji huu huu kupitia reli: fundi wa Kihindi Babu Salim, msimamizi Mwingereza McDonald, mhubiri Turnbull, na mjukuu wa Babu, Rajan, anayeimba kwenye hoteli ya Jakaranda wakati uhuru wa 1963 unabisha hodi. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mapenzi yasiyojibiwa, iliyomo ndani ya riwaya hiyo, itamkumbusha mkazi yeyote wa Njoro masimulizi ya kasri la Egerton. Kisha yuko Wainaina mwenyewe, katika kumbukumbu zake za mwaka 2011, "One Day I Will Write About This Place", ambamo Nakuru ni nyumba yenye bustani, ni lugha zinazogongana masikioni mwa mtoto, na ni saluni ya mamake.

Sasa mchukue mpiga picha aliyevisoma vitabu hivyo na yule ambaye hajavisoma, uwasimamishe pamoja kando ya barabara katikati ya mji, mbele ya duka la zamani. Wote wana simu ya aina moja na mwanga ni ule ule wa saa kumi jioni. Yule ambaye hajasoma anaona ukuta uliopakwa kijani cha M-Pesa na kijana amesimama akihesabu pesa. Anapiga, anapata picha safi yenye rangi. Aliyesoma anaona hayo yote na zaidi. Anaona nguzo za baraza na kujiuliza nani aliruhusiwa kusimama kivulini hapo mwaka 1953. Anainua macho juu ya paa la mbele, mahali ambapo wenye maduka wa zamani walizoea kuandikisha jina au mwaka kwa saruji, na anatafuta herufi zilizofunikwa na rangi mpya. Akizipata, anarudi hatua tatu nyuma ili ziingie pamoja na kijana na pesa zake. Picha hiyo ya pili huenda isipendwe na watu wengi mtandaoni siku hiyo. Lakini ina miaka 70 ndani yake, na mjukuu wa kijana yule ataweza kuuliza maswali mbele yake. Kusoma kumemfundisha mpiga picha mahali pa kusimama, na katika kazi hii mahali pa kusimama ni sehemu kubwa ya kazi.

Wapo watakaonipinga mara moja, na wa kwanza ni wapiga picha wenyewe. Watasema picha ni kazi ya jicho na kasi. Anayebeba maneno kichwani atachelewa, na mbaya zaidi ataona kile tu kilichokwisha kuandikwa. Wataongeza kwamba riwaya ni za kubuni, hivyo Vikram Lall hawezi kuwa shahidi wa chochote. Hoja ya kasi ina uzito, na jina linaloiunga mkono ni kubwa, Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyewafundisha wapiga picha wa karne ya 20 kungoja sekunde moja ambamo kila kitu kinajipanga. Lakini Cartier-Bresson huyo huyo alisomea uchoraji kwa André Lhote kabla ya kuwa mpiga picha, na alikuwa msomaji mkubwa. Kasi yake ilikuwa tunda la mambo aliyoyafanya polepole. Ama kuhusu ubunifu, sidai kwamba riwaya ni ushahidi mahakamani. Riwaya nzuri humwachia msomaji maswali ambayo hakuwa nayo, kisha humtuma mtaani kuyatafutia majibu, na majibu hayo yanaweza kuwa tofauti kabisa na yale ya mwandishi. Anayefika barabarani bila swali hujazwa swali na watu wengine, na kwetu mara nyingi ni wale wale wa flamingo na maafa.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni wa 2008. Boniface Mwangi alizipiga picha za vita vile kwa ujasiri usio na kifani, kisha kuanzia mwaka 2009 akazitembeza kwa wananchi katika maonyesho ya barabarani aliyoyapa jina la Kiswahili, Picha Mtaani. Watu walisimama juani wakajitazama katika walichokifanya na walichofanyiwa. Naliheshimu sana jambo hilo. Lakini picha ya nyumba inayoteketea inatuonyesha dakika yake ya mwisho tu. Haiwezi kutuambia nani aliketi kwenye ile sofa, wala mtoto yupi alifanyia kazi zake za shule kwenye ile meza. Hilo alilifanya Assumpta Matei katika riwaya ya Kiswahili "Chozi la Heri" ya mwaka 2014, inayosimulia waliofurushwa makwao: jinsi walivyoishi kabla, walivyopoteza, walivyoanza upya. Laiti zingekuwepo picha nyingi za mitaa yetu ya Jumanne ya kawaida ya mwaka 2006, majirani wa kabila hili na lile wakipanga foleni ya maji, picha za 2008 zingesomeka kwa uchungu mkubwa zaidi na kwa uelewa mkubwa zaidi. Picha ya siku isiyo na jambo ndiyo inayotupa kipimo cha siku yenye jambo.

Kuhusu kuipa kila picha maneno, historia ya kazi hii duniani inanisaidia. Eugène Atget alizunguka Paris na kamera nzito ya mbao kwa miaka 30 hivi, hadi alipofariki mwaka 1927, akipiga milango, ngazi, vichochoro, wauza vitu wa barabarani. Hakujiita msanii, alisema anatengeneza nyaraka. Aliziwekea namba na jina la mahali, akaziuza kwa maktaba na makumbusho, na leo mtafiti anaweza kuutembelea mtaa uliobomolewa zamani akitumia picha zake. Mlinganishe na Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyepiga picha zaidi ya 100,000 na kuzificha. Masanduku yake yalipigwa mnada mwaka 2007, na waliozinunua wamehangaika miaka mingi kujua ni za wapi, lini, na nani yumo. Kwetu Kenya yupo Priya Ramrakha, mmoja wa wapiga picha wetu wa kwanza kufanya kazi na majarida makubwa ya dunia, aliyeuawa katika vita vya Biafra mwaka 1968. Kazi zake zilipatikana miongo kadhaa baadaye kwenye gereji Nairobi, na kitabu chake kikatoka mwaka 2018, miaka 50 baada ya kifo chake. Gereji! Na huyo alikuwa na jina kubwa. Afrika Kusini, Santu Mofokeng alikusanya picha za zamani za familia za Waafrika weusi, zilizopigwa kati ya 1890 na 1950, kisha akafanya kazi ngumu zaidi ya kutafuta walioonekana humo ni akina nani. Wengine majina yao yalipatikana. Wengine hayakupatikana, kwa sababu tu aliyepiga hakuandika mstari mmoja nyuma.

Mtu atasema: hayo yalikuwa ya enzi za filamu, mkanda mmoja picha 36, na kila moja pesa, leo kila mtu ana simu, picha ni mamilioni, Nakuru imekwisha kujipiga yenyewe. Nakubali kuhusu mamilioni. Lakini angalia zinaenda wapi. Hali ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24. Simu huibwa steji, huanguka majini, hubadilishwa kila baada ya miaka miwili mitatu na picha hubaki ndani yake. Tena, faili ya picha kwenye simu huwa na tarehe na saa, na hata mahali ilipopigwa ukiwa umeruhusu, lakini WhatsApp huyaondoa maelezo hayo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Inapofika kwa mtu wa kumi haina tarehe, haina mahali, haina aliyeipiga. Ndiyo sababu kila kukitokea mafuriko huibuka picha za mafuriko ya nchi nyingine zikidaiwa kuwa za hapa, na watu wenye akili timamu huzisambaza. Wingi wa picha zisizo na maneno umetufikisha mahali ambapo hatuziamini hata zilizo za kweli. Anayepiga kumi kwa mwezi na kuziandikia anaufanyia mji wema kuliko anayepiga elfu moja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mtu aliye mbele ya kamera. Ana haki gani mpenzi wa picha kuubeba uso wa mwenzake aliye kazini? Swali hili lina historia chungu. Serikali ya kikoloni ilipitisha mwaka 1915 sheria ya kumwandikisha kila mwanamume Mwafrika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kipande kikaanza kuning'inia shingoni kikiwa na alama za vidole. Picha ya uso ilikuja baadaye kwenye vitambulisho, na kwa Wakenya wengi picha yao ya kwanza maishani ilikuwa ile iliyotakiwa na serikali. Mtu kama huyo akiona kamera imeelekezwa kwake haulizi kama mwanga ni mzuri. Anauliza inaenda kwa nani. Mchuuzi anayetandaza soksi na chaja kando ya barabara ana sababu ya ziada, maana picha inaweza kuwa ushahidi mikononi mwa kanjo, askari wa kaunti. Kitabu maarufu cha Cartier-Bresson cha mwaka 1952 kinaitwa kwa Kifaransa "Images à la sauvette", na Wafaransa hutumia maneno hayo ya mwisho kumtaja mchuuzi asiye na leseni, yule aliye tayari kukunja gunia na kutoroka askari akitokea. Jina hilo lilikusudiwa kumsifu mpiga picha mwepesi. Hapa Nakuru, anayekunja gunia ni mtu halisi, ana karo ya kulipa, na mpiga picha hana budi kujua kwamba kati yao wawili, mwenye cha kupoteza ni huyo.

Sheria nayo imesema. Katiba ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31 na uhuru wa kujieleza, ukiwemo wa sanaa, katika kifungu cha 33. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeacha nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, lakini nafasi hiyo si uwanja wazi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya burudani Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini, na shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Hizo zilikuwa biashara, na mpenzi wa picha si biashara. Hata hivyo mimi ningemtaka ajifunge kwa masharti makali kuliko ya sheria. Watoto asiwapige bila mzazi kukubali. Wanaolala barabarani asiwapige wakiwa wamelala, kamwe. Mtu akikataa, hata kwa mkono tu, picha ifutwe mbele yake.

Hapo nitaambiwa nimeiua picha ya mtaani, kwa kuwa ukimwomba mtu ruhusa anabadilika, anajinyoosha, anarekebisha kola. Sioni hasara katika kola iliyorekebishwa. Dhana kwamba picha ya kweli ni ile iliyonyakuliwa mwenyewe asijue ni dhana ya mahali fulani na wakati fulani, na si lazima iwe yetu. Pwani yetu ina desturi nyingine. Omar Said Bakor wa Lamu, katika studio yake, aliwaunganisha wateja na maua, na redio, na vitu walivyovitamani, kwa mkasi na gundi. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, katika miaka ya 1990, walijenga vibanda vyao vya mandhari zilizochorwa, meli, ndege, majumba, na msafiri akachagua asimame mbele ya ulimwengu upi. Heike Behrend, Mjerumani aliyezichunguza picha za pwani yetu kwa miaka mingi, ameandika kitabu kizima cha mwaka 2013 juu ya mambo haya. Katika desturi hiyo picha ni makubaliano. Anayepigwa ana kauli juu ya namna atakavyoonekana, na hulka yake hujitokeza katika alichokichagua. Fundi wa viatu atakayesema ngoja kwanza niweke nyundo mkononi ametueleza kuhusu kazi yake jambo ambalo picha ya kunyakua isingelipata. Na ukimrudia wiki ijayo na nakala iliyochapishwa, mara ya tatu hatakuuliza unataka nini; ataendelea na kiatu chake, nawe utaipata ile picha isiyo na mapozi uliyodhani imekufa. Mwandishi wa riwaya hufanya hivyo hivyo na wahusika wake. Hukaa nao mpaka wasahau kwamba yupo.

Limebaki pingamizi la njaa na la lugha. Vitabu vyote vitatu vya Nakuru nilivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza, na kitabu kipya dukani kinaweza kula ujira wa siku nzima au mbili. Ni kweli, na inaniuma kwamba mtoto wa Kivumbini anayezungumza Kiswahili kutwa hana riwaya ya Kiswahili inayoutaja mtaa wake, yenye jina kubwa kama vitabu hivyo. Lakini "Chozi la Heri" ilisomwa shuleni nchi nzima, na nakala zake zimezagaa majumbani. Maktaba nazo, kwa Jedwali la Nne la Katiba, ni kazi ya kaunti, pamoja na makumbusho. Kwa hiyo swali la bei ya kitabu ni swali la kuulizwa serikali ya kaunti kila bajeti inaposomwa, na waulizaji wakiwa wengi itajibu. Wala sikubali kwamba jambo hili ni la walioshiba. Simu tayari imo mfukoni mwa mwendesha boda boda. Anaijua mitaa kuliko mtafiti yeyote, na akingoja abiria ana saa nzima za kutazama. Anachokosa ni mahali pa kuipeleka picha yake ikapokelewa kama kitu cha maana.

Mahali hapo panaweza kuwepo bila gharama kubwa. Hyrax Hill, hapo hapo pembeni mwa mji, Mary Leakey alichimba mwaka 1937, na leo kuna jumba dogo la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1965 linalotunza mabaki ya watu walioishi kwenye kilima hicho maelfu ya miaka iliyopita. Tunajua walitumia vyungu vya namna gani. Je, nani anatunza vibao vya maduka vya Bondeni ya miaka ya 1970, au tiketi za matatu, au picha ya foleni ya unga? Maktaba ya mji ikitenga rafu moja na kompyuta moja, ikapokea picha zenye tarehe, mahali na idhini, itakuwa imeanza. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na jiji changa hubomoa haraka. Baraza za zamani zinageuka vioo, wachuuzi wanahamishwa, maji ya ziwa yamepanda yakameza geti la zamani la mbuga na kuwahamisha watu wa kando yake. Atget alifanya kazi yake kwa sababu Paris yake ilikuwa ikibomolewa machoni pake.

Maneno yanayohitajika si mengi. Nyuma ya picha, au chini yake kwenye kompyuta, yanatosha maneno kama haya: Bondeni, Nakuru, Jumamosi, saa nne asubuhi, tarehe kamili. Fundi wa viatu na mteja wake aliyevua kiatu kimoja na kukanyaga gazeti. Fundi aliombwa, akakubali, jina lake limeandikwa kwa idhini yake. Ukuta wa nyuma ulikuwa bucha kabla ya kuwa duka la simu, kwa maelezo ya fundi. Ametaka nakala mbili, moja ya kwake na moja ya mamake.